Siku Kompyuta Ilipomnyamazia Mkuu wa Chuo

Siku yangu ya kwanza kazini, kabla hata sijaonyeshwa choo, karani alininong'oneza kwamba fundi aliyenitangulia alifutwa kazi kwa kukalia kiti cha Mkuu wa Chuo. Kiti chenyewe kilikuwa mbele ya kompyuta niliyoajiriwa kuitunza. Nyinyi vijana mtacheka. Mimi niliapa sitakikalia.

Kilikuwa chuo cha ualimu karibu na mji wa Nkubu, miaka ya tisini ikielekea kuisha. Kompyuta ilitumia Linux, mfumo wa bure usiohitaji leseni ya kulipia. Madam, ndivyo tulivyomwita Mkuu, alitaka iwafundishe wanafunzi matamshi.

"Ijumaa saa nne bodi inakuja," akaniambia. "Ikinyamaza, wewe rudi kwenu Kibirichia ukachimbe waru, viazi vya kwenu."

Wiki nzima nilifanya kazi nimesimama, mgongo umepinda, kiti kitupu kando yangu. Nilikaza waya za spika, nikauambia mfumo ni kadi gani ya sauti imo ndani, nikapandisha kiwango cha sauti kilichokuwa sifuri. Alhamisi ikaongea! Nilikuwa nimeingia kwa jina la root, yaani msimamizi mwenye ruhusa zote. Nimwombe Madam aingie kwa jina lake ajaribu? Thubutu!

Ijumaa Madam akaketi, akaandika jina lake na neno la siri, akabofya. Kimya. Bodi wakamtazama yeye, yeye akanitazama mimi. Jasho likanitiririka hadi kwenye soksi. Nikashika waya, ziko sawa. Nikaangalia kiwango, kiko juu. Hapo nikajua shida ni nini, na nikatamani nisijue.

"Ni nini?"

"Madam... mashine haijakupa ruhusa ya sauti."

"Mimi?"

"Wewe, Madam. Imenipa mimi peke yangu. Ni kosa langu, niliogopa kukuita ujaribu."

Mzee mmoja wa bodi akakohoa. Madam akainuka, nami nikajua nimekwisha. Akakivuta kiti nyuma.

"Haya, keti unipe hiyo ruhusa."

Niliketi ukingoni mwa kiti. Nikaingia tena kwa jina la root, nikaandika amri moja ya kumwingiza kwenye kundi la wanaoruhusiwa sauti. Akainama juu ya bega langu kuandika jina lake upya, na mimi sikupumua mpaka spika zilipoongea.

Sasa nimestaafu, baada ya kutumikia vyuo vingine viwili huko Embu. Tangu siku ile, kila mashine niliijaribu kwa jina la mtumiaji mwenyewe, hata awe mkali namna gani. Madam hakunifuta. Lakini kile kiti, wacha niseme ukweli, sikukikalia tena.