Mlango Uliotazama Mibuni

Juzi walikuwa wakikandika darasa jipya hapa shuleni ninapofundisha. Harufu ya udongo mbichi ilipoingia dirishani, nilisimama na chaki mkononi, moyo ukinienda mbio kama wa mtoto aliyesikia lori likipanda mlima. Ndiyo harufu ya siku zile tulipowangojea Bibi na Babu.

Walikuwa wazazi wa Mama, Wanamwanga wa ng'ambo, upande wa Rodesia ya Kaskazini, mbele kabisa ya Tunduma. Mjomba alikuwa ameoa huko kwenye migodi ya shaba na hakuonyesha dalili ya kurudi. Macho ya Babu yalikuwa yamefifia, na Bibi bado alichota maji mwenyewe. Baba, Mnyiha wa Mbozi asiye na maneno mengi, alisema jioni moja, "Waje wakae hapa," na kulipokucha akaenda kukata miti ya kujengea.

Mimi sikuwa nimewahi kuwaona! Je, wangekielewa Kinyiha changu? Je, askari wa mpakani angesema wazee hawavuki? Je, Bibi asiponipenda? Nilimuuliza Mama yote hayo huku nikikanyaga udongo wa kukandikia, matope yamenifika magotini, mpaka akasema, "Tabita, ukiendelea hivi watakukuta umezeeka kuliko wao."

Nyumba ilipendeza. Mlango wake Baba aliuelekeza kwenye mibuni, na mgongo wake akaugeuzia jiko letu. Hakuna aliyeshangaa. Kwetu mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake, hamsemeshi, wala hali mbele yake; wakionana njiani, mmoja hujitosa vichakani. Baba alitaka Bibi atoke na kuingia bila kuhangaika. Huo ulikuwa upole wake wote, ameujenga kwa miti na fito.

Mama alikwenda kuwachukua. Lori la mazao liliwashusha sokoni Mlowo, nasi watoto tukawapokea njiani tukiruka kama ndama. Baba alikuwa ameshatoweka kwenye mibuni. Babu alinipapasa uso, akasema, "Huyu amerithi pua yangu. Pole, mjukuu wangu." Bibi alikuwa mfupi, mwepesi, amekumbatia kikapu chenye kuku ambacho hakukubali mtu yeyote amsaidie kukibeba.

Aliizunguka nyumba akigusa kuta kwa kiganja, akitabasamu. Alipofika mlangoni aliitazama ile mibuni. Kisha akarudi uani na kuketi juu ya mzigo wake.

"Siingii."

"Mama, kuna nini tena?"

"Nimeacha makaburi ya watu wangu nije kuamkiana na mibuni? Lori likirudi kesho, tunarudi nalo."

Babu akasema, "Mimi mlango wenyewe siuoni. Popote mtakaponisukuma nitaingia."

Kikohozi kikasikika kutoka kwenye mibuni. "Tabita! Mwambie bibi yako mlango ule ni heshima."

Bibi hakunisubiri. "Tabita, mwambie baba yako heshima yake niliisikia tangu ng'ambo. Mwambie nataka kuona moshi wa jiko la binti yangu."

Nikakimbia. Sijafungua mdomo, mibuni ikajibu, "Nimesikia. Mwambie tutakutana kila saa. Nitapita wapi mimi? Nikaishi mitini kama tumbili?"

Mama aliuma ncha ya khanga asicheke. Bibi yeye alicheka wazi, kisha akatazama kikapu chake. Akaomba kisu na chungu.

Alimpika kuku yule palepale uani, mwenyewe, bila kuruhusu mtu asogee. Mvuke ulipopanda, Mama alipiga kigelegele kimoja kilichokatika katikati kwa machozi, ndipo nikaelezwa: mama mkwe akimridhia mkwewe humpikia kuku, na mkwe akila mbele yake, kukimbiana kumekwisha. Kuku wa Baba alikuwa amecheleweshwa na umbali tangu kabla sijazaliwa.

Bakuli nilipewa mimi nilibebe. Nilitembea nikiwaza: nikijikwaa je? Mchuzi ukimwagika, watapanda lori? Baba akatoka, majani ya mibuni yamemganda nywelani, macho chini. Alipiga magoti, akachukua paja, akala. Yowe la furaha lililolipuka pale nadhani lilifika Tunduma.

Bibi akamsogelea, akamtoa jani nywelani. "Sasa kachukue shoka, mwanangu," akamwambia.

Alasiri ile ile Baba alitoboa ukuta uliokuwa haujakauka vizuri. Mlango wa pili ukafunguka kuelekea jiko letu, harufu ya udongo ikajaa ua mzima, nami nikapita ndani na nje, ndani na nje, mpaka nikafukuzwa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Bibi alikuja na fahari yake, nasi tukambembeleza abaki. Juzi tu, na chaki yangu mkononi, ndipo nilipomwona vizuri: mwanamke mzee juu ya magunia ya watu, anayumba na lori, anawaza kama nilivyowaza mimi, itakuwaje wasiponipenda. Na kuku yule hakununuliwa Mlowo. Alikuwa amempakata tangu ng'ambo, kabla hajajua mlango umetazama wapi.