Tuligonga Mlango Wenu

Mama alikuwa amekaa ndani ya duka langu, mtaa wa Makanyagio, akichambua mchele wa Majimoto kwenye ungo, mzee mmoja alipoingia kuulizia sabuni. Alinisalimia kwa Kiswahili, kisha simu yake ikaita, akapokea kwa Kirundi. Mikono ya mama ikasimama.

Kwetu Kirundi hakimshtui mtu. Nilizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, na leo sote ni raia wa Tanzania. Lakini mama hakuwa anasikiliza maneno. Alikuwa anasikiliza sauti.

Mzee alipokata simu, mama akamuuliza kwao Burundi ni kilima gani, maana kule mtu hutambulika kwa kilima alikozaliwa. Akakitaja.

"Nyumba yenu ilikuwa chini ya chemchemi," mama akasema. "Mimi ni binti wa yule seremala."

Mzee akashika kaunta. Nikamsogezea stuli, hakukaa.

"Mwaka ule wa mauaji tuligonga mlango wenu," mama akaendelea. "Baba walikuwa wameshamchukua. Mvua inanyesha, mama yangu anamwita mama yako kwa jina. Mlitusikia?"

Maisha yangu yote nilijua tu kwamba walikimbia kwa miguu. Habari za mlango sikuwahi kuambiwa. Nilitaka kumwambia mzee aende zake.

"Tulisikia," akajibu. "Mimi ndiye niliyeshikilia komeo. Tulijua mkiingia, na sisi tumekwisha. Kesho yake wakaja hata hivyo. Kwetu nilipona mimi peke yangu."

Mama alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima.

"Mdogo wangu alifia mgongoni kwangu kabla hatujafika mpakani. Alikuwa na homa. Angelala tu mahali pakavu..."

Mzee akavua kofia. Hakuomba msamaha. Aliuliza mtoto aliitwa nani. Mama akamwambia, na mimi ndiyo mara ya kwanza nasikia jina la mjomba wangu. Mzee akalirudia polepole, mara moja.

"Sasa nenda," mama akamwambia, na yeye akaenda.

Nilimletea mama maji, akayashika bila kunywa. Nje bodaboda zilikuwa zinagombania abiria, kelele tupu.

"Akija tena nimfukuze?" nikauliza mwishowe.

"Muuzie anachotaka," akasema. "Ila unishtue mapema, niingie chumba cha nyuma."