Bastola ya Fausta

Fausta alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mjane wa miaka hamsini na moja ambaye wengi walimwita Mama Alois, mzaliwa wa Mamba aliyehamia Ilembo baada ya kuolewa. Kwa miaka tisa alipanda bodaboda kwenda machimboni, akanunua punje za dhahabu kwa wachimbaji wadogo, akarudi mjini kabla jua halijazama. Siku moja watu watatu wenye mapanga waliziba njia. Walichukua kila kitu, na dereva wake Dieudonne wakamvunja mkono.

Dieudonne alipona, wakarudi barabarani. Fausta ndiye aliyebaki na mshtuko. Akaomba kibali cha silaha, akazungushwa miezi saba kati ya serikali ya mtaa na polisi, akafundishwa kulenga shabaha, na mwishowe akakabidhiwa bastola ndogo nyeusi. Askari aliyemfundisha alimsisitizia mambo mawili tu: isionekane na watu, na isikae mbali naye.

Hayo mawili ndiyo yaliyomtesa. Mwanzo aliitia kwenye mkoba wa begani. Lakini mkoba huwekwa popote: juu ya kaunta, chini ya benchi la kanisa, kwenye kochi la nyumbani. Jumapili moja alitoka jikoni akamkuta mjukuu wake Agape, mtoto wa miaka minne, ameushika ule mkoba na zipu imefika katikati. Alikuwa anatafuta biskuti. Fausta alimnyang'anya kwa nguvu hata mtoto akalia, kisha yeye mwenyewe akajifungia chooni na ule mkoba.

Akahamia kiunoni. Akaichomeka nyuma, chini ya kitenge, ikamchimba uti wa mgongo kila pikipiki iliporuka shimo. Akaileta mbele, ikamsukuma tumbo alipoinama kwenye mizani. Kitenge kililegea, bastola ikateleza, naye akawa anaipapasa kila baada ya dakika chache. Mchimbaji mmoja akamuuliza kwa huruma kama figo zinamsumbua. Wengine hawakuuliza, walitazama tu mkono wake unakokwenda.

Ndipo akamfuata Gratien, fundi viatu wa sokoni, mzee wa asili ya Burundi asiye na maneno mengi. Fausta alizunguka sana kueleza anachotaka. Gratien akamwambia alete kitu chenyewe, bila risasi.

Kesho yake, ndani ya kibanda mlango ukiwa umefungwa, Fausta alitoa magazini ya risasi, akakagua chemba mara mbili asije akaacha risasi ndani, akaiweka bastola mezani. Gratien hakuigusa kwanza.

"Mama Alois, kwa siku unakaa zaidi au unasimama zaidi?"

"Nakaa. Kwenye pikipiki, kwenye mizani."

Basi akamshonea mfuko wa ngozi ngumu uliofunika triga yote, juu ya mkanda mpana, ukae mbele kidogo ya nyonga ya kulia, umeinama. Akamwambia aachane na kitenge siku za kazi, avae sketi inayoshika mkanda na blauzi pana. Akamwinamisha, akamkalisha, akamtaka aizoee wiki mbili ikiwa tupu. Haikuchimba, haikuteleza. Fausta alikaa mizanini asubuhi nzima bila kujipapasa, na usiku ule alilala.

Mwezi haukuisha. Wakiwa njiani karibu na Magamba, waliona watu wawili wamesimama katikati ya barabara, mmoja anapunga mkono. Dieudonne akapunguza mwendo. Mkono wa Fausta ukapita chini ya blauzi na kushika mpini kabla hajafikiri lolote. Yule mtu alikuwa anawajia, ghafla akauona ule mkono, akasimama na kuinua mikono yake juu.

"Mama Alois, ni mimi Telesfori. Cheni imekatika. Tunaomba spana tu."

Telesfori alikuwa anamuuzia dhahabu kila wiki. Fausta alimtambua sauti kwanza, sura baadaye. Alitaka kuutoa mkono lakini vidole viligoma kufunguka. Dieudonne ndiye aliyeshuka na kutoa spana, wala hakugeuka kumtazama.

Siku mbili baadaye Fausta alikwenda nyumbani kwa Telesfori kuomba radhi. Alikaribishwa kiti, mkewe Odeta akaleta chai. Telesfori alisema ameelewa, barabara ni mbaya, hata yeye angefanya hivyo. Hakukuwa na hasira katika maneno yake. Ila tangu wiki hiyo dhahabu yake anampelekea mnunuzi mwingine, na wakikutana humsalimia Fausta akiwa mbali, mikono yote miwili ikionekana.

Fausta bado anaivaa. Ngozi imelainika, imechukua umbo la mwili wake, na siku nyingine husahau kabisa kwamba ipo. Akikumbuka kwamba alisahau, humwambia Dieudonne asimamishe pikipiki, hushuka, akatembea kidogo kando ya barabara mpaka ausikie tena uzito wake nyongani, ndipo waendelee.