Kuku wa Marehemu Matty

Cuthbert Lamb aliingia mgodini akiwa na miaka kumi na mitano, akatoka siku mgodi ulipofungwa, na kuanzia hapo maisha yake yote akayahamishia bustanini. Mke alikwisha kumwacha zamani, na mtoto hakuwa naye. Ukimtaka hukugonga mlango wa nyumba yake; ulipanda njia ya nyuma ya klabu ya wachimba makaa mpaka kwenye vishamba vya halmashauri, vipande arobaini na kitu ubavuni mwa kilima, kila kimoja na kibanda chake cha mbao, mapipa ya maji ya mvua na kuku wachache. Chake kilikuwa cha mwisho kwenye mstari wetu. Kilichofuata kilikuwa cha Matty Elstob, na cha tatu changu. Nilikuwa nimeolewa pale Thornlaw miaka mingi, na wazee wale waliposhindwa kutamka Mwanaidi walilikata jina wakaniita Idi, nami nikaitika.

Cuthbert na Matty walikuwa marafiki wa tangu mgodini. Waliazimana zana, na mmoja akiumwa mwenzake alimlishia kuku. Kitu kimoja tu Matty hakumpa mtu: mbegu ya liki zake. Liki ni jamaa ya kitunguu, na wako watu wanaozikatia kwenye supu basi. Kwetu Thornlaw mtu huzilea kama wana wa mfalme ili Septemba azipeleke klabu kushindana. Mbegu ya Matty ilitoka kwa babu yake. Mashina yake yalinenepa kama mkono wa mchimba makaa, meupe, hayana doa. Alishinda mara kumi na moja. Miaka sita ya mwisho aliyekuja wa pili alikuwa Cuthbert, mpaka pale klabu wakambandika jina la Makamu. "Makamu, kaa hapa, pembeni ya mwenyekiti." Yeye alicheka pamoja nao. Nilidhani anacheka kweli.

Miaka kumi na tisa kabla ya haya ninayosimulia, siku moja kabla ya mashindano, Matty alibanwa kifua akalazwa hospitali. Wiki ile ndiyo wiki ya husuda, hakuna aliyeacha liki zake bila mlinzi, kwa hiyo alimwomba shemeji yake, Lance Coulthard, kaka wa mkewe Edna, alale kibandani. Lance akalala. Kulipopambazuka akashuka nyumbani mara moja kunywa chai. Aliporudi, liki zote za Matty zilikuwa zimekatwa mashinani, zimelala kwenye mstari wao.

Lance aliapa kwamba hakukaa zaidi ya dakika ishirini. Nani angemwamini? Ufunguo alikuwa nao yeye, na mwaka ule ule yeye na Matty walikuwa wamegombana juu ya nyumba aliyoiacha mama yake Lance na Edna. Kijiji kikakata shauri. Klabu hakuna aliyemsogezea kiti. Edna aliambiwa na mumewe achague, akamchagua mumewe. Kabla ya Krismasi Lance akahamia Seaham, pwani, na jina lake likakoma kutajwa.

Aliyezikata alikuwa Cuthbert. Nalisema mapema kwa sababu mwenyewe aliniambia baadaye, na sipendi kumzungusha mtu. Alikuwa amekuja kulisha kuku wake, akamwona Lance anateremka kilima, akaona lango limerudishwa tu, halikufungwa. Kisu cha kupogolea kilikuwa mfukoni kama siku zote.

"Sikuja na nia, Idi," aliniambia. "Nia ilinikuta pale pale."

Mwaka ule Makamu alipata zawadi ya kwanza. Mwaka uliofuata hakupeleka kitu, wala mwaka mwingine wowote. Matty naye hakushindana tena. Liki moja dhaifu aliyokuwa ameichomeka nyuma ya banda la kuku ilinusurika, na kwa hiyo moja alianza upya. Kila majira ya baridi alitoa vichipukizi, akavipanda kwenye trei, akavilea, na Septemba ilipofika akala liki zake na mkewe.

Vumbi la makaa lilimmaliza mwishoni mwa Novemba. Wiki moja baada ya maziko, Edna alipanda kilima polepole kwa ajili ya nyonga yake, ufunguo mkononi na sanduku la kadibodi kwapani. Ndani ya sanduku mlikuwa na kichwa cha liki kilichokauka, kimejaa vichipukizi vya kijani vyembamba kama sindano.

"Matty amesema kuku na hizi apewe Cud," alisema, maana ndivyo walivyolifupisha jina la Cuthbert. "Amesema hana mwingine wa kumwamini."

Cuthbert alivua kofia, akaivaa tena. Alisema yeye ni mzee, mikono inatetemeka, labda Idi hapa angeweza. Edna akamwekea sanduku mikononi kama vile hakusikia.

Basi akaanza. Desemba ya kule jua huchungulia tu. Saa kumi jioni giza limeshashika. Asubuhi alivunja barafu kwenye vyombo vya maji ya kuku, akawapa pumba zilizokorogwa na maji ya moto na maganda ya viazi, akawabadilishia nyasi kavu. Kuku walikuwa wanane, wa rangi ya kahawia, na kwa baridi ile walitaga yai moja, siku nyingine hakuna. Vichipukizi alivichomoa kimoja kimoja kwa koleo ndogo, akavisimamisha kwenye trei za udongo na mchanga, akazipanga ndani ya kibanda cha vioo cha Matty na kuwasha jiko la mafuta ya taa ili zisigandishwe na jalidi. Siku ya pili ya Krismasi alisia vitunguu, maana ndiyo siku yake, na asiyesia siku hiyo huchekwa mwaka mzima. Mimi nilimshikia trei.

Mambo yalianza kwa kuku. Matty alizoea kufika saa mbili na nusu asubuhi. Kwanza ulisikia kikohozi chake njiani, halafu viatu, halafu aligonga ndoo mara mbili. Cuthbert alikuwa akifika mapema kuliko hapo, na kuku walikula vizuri. Lakini saa mbili na nusu ikifika wote wanane waliacha chakula, wakaenda langoni, wakajipanga kwenye waya wakinyoosha shingo kutazama njia. Walingoja. Kisha waligawanyika huku na huku, kama wanaompisha mtu, wakakifuata kitu kisichoonekana mpaka kwenye mlango wa kibanda cha vioo, wakasimama hapo.

Siku ya kwanza Cuthbert aliona ni mazoea tu. Kuku ni kuku. Siku ya pili alikisikia kikohozi ndani ya kibanda.

Mimi niliwaona kuku wale kwa macho yangu, asubuhi moja ya Januari, jalidi imefanya kila jani kuwa jeupe. Hapakuwa na upepo, mbweha wala paka. Walifungua njia, pana kiasi cha mtu mwenye ndoo, wakaifunga nyuma yake. Mimi mtu wa Tanga. Nilisoma kimoyomoyo nilichofundishwa utotoni, nikashika sepetu nikaendelea kulima udongo usiolimika.

Siku hiyo Cuthbert aliniita kibandani kwake. Uso wake ulikuwa umeingia ndani. Akaniuliza kama najua kwamba mche uliowekwa dirishani huinamia upande wa mwanga. Nikamwambia najua, ndiyo maana trei hugeuzwa kila asubuhi. Akasema Matty alikuwa akizigeuza kila siku ya Mungu, nusu duara, ili miche isimame wima. Yeye, kwa kuchanganyikiwa, alikuwa amesahau kuzigeuza wiki nzima, na miche imesimama wima kama askari. Basi juzi alikuwa ameweka alama ya penseli kwenye pembe ya kila trei. Asubuhi hii alizikuta alama zote upande wa pili.

"Labda Edna," nikasema.

"Edna na nyonga ile, kwenye barafu? Na ufunguo ninao mimi." Alitazama mikono yake. "Ananisaidia, Idi. Angenivunjia vioo ningepata usingizi. Yeye ananigeuzia trei."

Hapo ndipo alipoyatoa yote. Alipomaliza kunisimulia, jiko la mle kibandani lilikuwa limezimika na hatukuliona. Lance alikuwa ameninunulia maua siku nilipofika kijiji kile, na mimi pia nilikuwa nimeacha kumsalimu, kwa kuwa kila mtu aliacha. Mwishowe nikamwambia mimi si wa kuambiwa haya. Mwenye kuambiwa yuko kule chini na moshi wake unaonekana.

Ilimchukua siku tisa. Nilimhesabia. Siku ya kumi akanigongea mlango amevaa koti la mazikoni, akaniomba nifuatane naye, nisiseme kitu, nikae tu. Tulimkuta Edna anakanda unga wa mkate bapa, mikono myeupe mpaka viwikoni. Cuthbert alisimama katikati ya jiko akayasema kwa ufupi, bila kujitetea, kama mtu anayesoma orodha. Edna hakuacha kukanda mpaka Cuthbert alipofika kwenye habari ya kisu.

Akauacha unga, akainua macho. Halafu akasema, "Kwa hiyo Lance alikuwa anakunywa chai."

"Ndiyo."

"Alisema dakika ishirini."

"Hazikufika, Edna."

Akatazama dirishani. "Mke wa Lance alipokufa sikwenda kumzika," alisema. "Nilivaa, nikakaa kwenye kiti kile, nikavua." Akanawa mikono taratibu, kidole kwa kidole. Cuthbert akaanza kusema neno la msamaha, naye akamkatiza. "Usiniombe mimi. Kesho utapanda basi. Kuku hawana kosa, utawalisha mpaka afe wa mwisho wao. Lakini liki usiziguse tena."

Cuthbert alikwenda Seaham peke yake, theluji ikianguka. Yaliyotokea huko aliyasimulia yeye, na baadaye Edna akayathibitisha. Lance alifungua mlango akiegemea fremu ya kutembelea, na hakumkaribisha ndani. Alimsikiliza hapo hapo kizingitini, theluji inamwingilia kwenye kapeti. Cuthbert alipokwisha kusema, Lance alimwuliza kama ana hakika ilikuwa baada ya yeye kutoka, wala si kabla. Akajibiwa kwamba alionekana akiteremka kilima.

"Nilikunywa kikombe kimoja na nusu," Lance alisema. "Miaka yote hii najiuliza, ningeiacha ile nusu?"

Kisha akafunga mlango, si kwa kishindo.

Kijiji kilijua ndani ya wiki. Klabu walilifuta jina la Cuthbert kwenye ubao wa washindi, wakaacha mwaka ule mtupu. Wale wale waliomcheka Makamu walimpita njiani kama wanavyopita nguzo ya umeme. Mayai yake aliyaweka getini kwenye sahani kwa yeyote atakaye, na jioni aliyarudisha nyumbani.

Miche niliitazama mimi mpaka Machi, Edna alipomleta Lance kwa gari la mpwa wao. Walimpandisha kilima taratibu, wakamkalisha kwenye kiti ndani ya kibanda cha vioo, naye akaanza kuhamisha miche kwenye vyungu. Alikuja hivyo mara tatu kwa wiki. Yeye na Cuthbert walitengana hatua kumi tu, kioo katikati yao, na sikuwahi kusikia wakisemeshana. Septemba liki zile zilipelekwa klabu kwa jina la Matty Elstob, zikawa za tatu. Wengi walisema ni huruma ya waamuzi. Mimi nilizitazama karibu, zilistahili.

Siku moja ya vuli nilimwuliza Cuthbert kama bado anakisikia kile kikohozi. Nilitegemea aseme ndiyo, au aseme amepumzika. Alikuwa ameegemea mlango wa banda, saa mbili na nusu asubuhi, na kuku walikuwa wakidonoa chakula chao bila kuinua kichwa.

"Tangu Lance aje, sijakisikia hata mara moja," alisema. "Kuku nao wameacha kwenda langoni. Nakwenda peke yangu."

"Kufanya nini?"

"Kumngojea."

Sikumwuliza tena. Lakini baridi zilizofuata nilimwona kila asubuhi, kofia mkononi, mvua au theluji, amesimama pembeni ya lango kama anayempisha mtu, na hakuna aliyepita. Sijui kama kuna adhabu iliyozidi ile. Edna naye alikuwa akimwona kutoka dirisha la jikoni kwake, maana kilima kile hakifichi kitu. Hakuwahi kunitajia.

Kuku walikufa mmoja mmoja, kwa uzee, kwa baridi, wawili kwa mbweha. Wa mwisho alikuwa ameshaacha kutaga, kipofu wa jicho moja, naye alimaliza baridi ya nne. Cuthbert alimzika chini ya ua, akasafisha banda kwa maji ya moto na soda, akakausha, akafunga mlango. Siku hiyo hiyo aliirudishia halmashauri kishamba chake mwenyewe. Halafu akateremka kwa Edna kumpa ufunguo wa Matty. Mimi nilikuwapo, nimepeleka viazi. Edna aliupokea, akautia kwenye mfuko wa aproni, akakitazama kile kizee kilichosimama mlangoni na viatu vimejaa matope, akamwambia avivue kabla hajaingia.