Nakala ya Sitini

Mpaka leo nikikaribia ukumbi wa kanisa pale Makongeni navuka barabara, najifanya kuna kitu cha maana naangalia upande wa pili, na upande wa pili hakuna kitu, ni ukuta mtupu, na kila mtu anajua ni ukuta. Kabla hujasimuliwa na mtu mwingine akaongeza chumvi, acha nikuambie mimi mwenyewe, maana chumvi iliyomo inatosha.

Mimi ni Mama Ciku. Nauza mapazia ya mtumba sokoni Muthurwa, na kwa miaka tisa nimekuwa katibu wa kikundi chetu cha majirani, kile cha kushikana mkono mtu akioa, akifiwa, akizaa au akilazwa. Niliandika kwa daftari mpaka daftari zikajaza sanduku, halafu dunia ikahamia kwa simu nami nikahama nayo, nikajifunza kuandika hati za mtandaoni na kurusha linki kwa grupu. Na nahesabu kila kitu mara mbili. Viti, sahani, watu. Mteja akisema mapazia ni matatu, nahesabu matatu, halafu nahesabu tena kuona kama bado ni matatu. Ndiyo maana jambo hili linaniuma: Mungu ni shahidi yangu, siku ile pia nilihesabu.

Chanzo ni wivu. Sitaupaka rangi.

Mama Tasha alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta, kamba moja ya nguo, chumvi ikimwishia anagonga tu nami najua ni chumvi. Halafu bwanake akapata kazi nzuri wakahamia Donholm. Sasa Donholm si ng'ambo ya bahari, ni hapo tu, lakini aliporudi kwa mkutano wa kwanza ungedhani ametua na ndege. Alikuja na kompyuta ya kukunja ambayo ukiifungua herufi zinawaka taa kwa chini (mchana! nani anahitaji taa mchana?), na watu wote wakavuta viti upande wake, mimi nikabaki upande wangu na simu yenye ufa.

Linki zangu zilikuwa na shida, hilo nakubali. Nusu ya watu wakibonyeza wanaambiwa waombe ruhusa. Mzee Wekesa, aliyefanya kazi ya reli mpaka akastaafu, aliniuliza mbele ya kikao kizima, "Mama Ciku, hii karatasi yako iko na soja kwa mlango?" Na wale waliofunguliwa ndio walikuwa hatari zaidi, kwa sababu siku moja Baba Brayo, karani mstaafu wa kaunti na mshereheshaji wetu wa kudumu, kidole kilimteleza kwa simu yake akafuta sala ya kufungua mkutano, na papo hapo ikapotea kwa simu za watu wote. Lishike hilo, kwa maana ndilo lililoniponza. Nilijua kuanzia siku hiyo kwamba kitu kikifutwa mahali pamoja, kimefutika kila mahali.

Basi Mama Tasha akaja na dawa. "Linki tuachane nazo," akasema, kwa ile sauti yake mpya, "tugeuze iwe PDF. Haibadiliki, haiombi mtu ruhusa, hata simu ndogo inaifungua." Na ili tuone mfano, akachukua kumbukumbu za mkutano uliopita, kumbukumbu zangu, nilizoandika mimi kwa kidole changu hiki, akazigeuza, akazituma kwa grupu zikiwa na mistari iliyonyooka na namba za kurasa. Wee! "Safi sana." "Hii sasa ndiyo kazi." Nilihesabu dole gumba kumi na saba. Nikahesabu tena zikawa kumi na tisa, mbili zilikuwa zimeingia nikiendelea kuhesabu. Mimi kwa miaka tisa sijawahi kuzidisha dole gumba tatu, na moja ilikuwa yangu.

Mwenyekiti akatoa tamko: tukishamuaga Mzee Wekesa, aliyekuwa anarudi kwao Webuye kupumzikia uzee wake, siku hiyohiyo tutaamua kama ukatibu uende kwa mtu wa kompyuta. Kwa hivyo programu ya sherehe ile ndiyo ilikuwa mtihani wangu.

Wiki ya sherehe Mama Tasha akapiga simu. "Mama Ciku, nitumie programu nikugeuzie. Ni dakika moja tu, mami."

"Asante, lakini nimeshaigeuza."

Sikuwa nimeigeuza. Sikujua hata inageuziwa wapi. Ningesema "haya, nakutumia", leo nisingekuwa navuka barabara.

Sasa nina ugonjwa mmoja, umeshauona: mabano. Nikiandika hati huwa najiandikia vikumbusho ndani ya mabano, halafu mwisho navifuta. Ile programu ilikuwa na vinne, na kile cha Mama Tasha (alikuwa ameomba nafasi ya kusema neno fupi, nami nilijua ni la kuomba kazi yangu) nilikiandika nikiwa bado na zile dole gumba kumi na tisa machoni.

Ijumaa asubuhi, nikiwa kibandani, nikabonyeza vile vidoti vitatu vya pembeni, nikapekua huku na kule, nikapata mahali pa kutoa nakala, nikachagua PDF, na ikatoka. Yenyewe! Na namba za kurasa! Nilicheza mpaka mteja akaniuliza kama leo mapazia ni ya bure. Nikairusha kwa mtu wa saiba, kile kiduka cha kompyuta na kuchapa, achape nakala sitini.

Akanipigia. "Mathe, nichape moja kwanza uicheki?"

"Hiyo moja iko ndani ya sitini ama nje?"

"Iko nje."

"Basi sitaki. Chapa sitini."

Unaona mtu anavyoshinda bei na kushindwa maisha.

Saa tisa alasiri, nikikunja mapazia, mabano yakanijia kichwani. Nikafungua ile hati mtandaoni, nikayafuta yote manne. Nikaifunga, nikaifungua tena, hayapo. Mara mbili nimeangalia, mara mbili hayapo. Nikashusha pumzi nikakumbuka sala ya Baba Brayo: ikifutika hapa imefutika kote. Nikauza mapazia jioni ile kwa furaha, hata nikapunguzia watu bei, jambo ambalo waliotuona hawajalisahau.

Jumamosi nikachukua nakala zangu saiba. Jalada lilikuwa na picha ya Mzee Wekesa na kofia yake ya reli. Nikahesabu sitini. Nikahesabu tena, sitini. Kurasa mbili mbili, pini mahali pake. Kusoma sikusoma, nisome nini na niliandika mimi?

Nikazigawa mlangoni mwa ukumbi wa kanisa kwa mikono miwili. Mama Tasha akapokea yake, akaikunja vizuri bila kuifungua, akaitia mkobani. "Imetoka safi, Mama Ciku," akasema, nami nikasema moyoni, sumu hiyo, meza. Nikaona watu wanaonyeshana ukurasa wa pili na kuziba midomo. Nikajua wanastaajabia mistari.

Halafu nikatoka nje kuhesabu sahani. Nikasikia kicheko kikubwa ndani, nikasikia Pasta naye anacheka, nikasema leo sherehe imekolea. Niliporudi na sahani mikononi, Baba Brayo alikuwa amesimama na miwani yake kwenye ncha ya pua. Na lazima umjue Baba Brayo: husoma kilichoandikwa jinsi kilivyoandikwa. Miaka thelathini ya barua za serikali.

"Tunaendelea," akasema kwenye maiki. "Saa saba na nusu. Neno fupi kutoka kwa Mama Tasha. Fungua mabano. Dakika mbili tu, akizidi mzime maiki, huyu tangu ahamie Donholm anafikiri sisi sote ni watazamaji wake. Funga mabano."

Vichwa vyote vikageuka kumtafuta Mama Tasha.

Hapo, rafiki yangu, mtu mwenye akili angekaa kimya. Programu haikuwa na jina la mwandishi. Ningeweza kumsingizia mtu wa saiba, ningeweza kuuliza kwa mshangao, "Ni nani huyu?" Badala yake nikaweka sahani chini nikainua simu juu nikapiga kelele, "Hiyo niliitoa! Niliitoa jana! Angalieni, haipo!"

"Umeitoa wapi," akauliza Baba Brayo, akiipapasa karatasi yake, "na iko hapa?"

Nikaenda safu kwa safu na simu, nikiwaonyesha watu hati isiyo na mabano, na kila mmoja akiangalia simu yangu, halafu karatasi yake, halafu mimi. Mzee Wekesa, mgeni wetu wa heshima, akasema taratibu, "Na mimi hapa imeandikwa keki isikaribie mkono wangu kwa sababu ya sukari."

Mama Tasha ndiye aliyenishika mkono. Hakuwa na hasira usoni, afadhali angekuwa nayo. "Mama Ciku," akasema chini chini, "PDF ni kama picha. Ukishapigwa picha halafu ukanyoa, ile picha hainyoi."

Kisha akaenda mbele. Akatoa simu yake, akaiweka ihesabu dakika mbili, akaiinua kila mtu aone.

"Nilikuja na maneno ya dakika tano," akasema, "lakini katibu amenipa mbili. Mzee Wekesa, asante, ulitupa paa mimi na bwanangu tulipokuwa hatuna. La pili, nasikia mnataka kunipa ukatibu. Siutaki. Tasha wangu alipozaliwa, jina lake liliandikwa kwa daftari ya huyu mama kabla halijaandikwa mahali popote duniani, kwenye orodha ya mchango wa maziwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyezunguka mlango kwa mlango kwenye mvua. Mtu kama huyo hatolewi kwa sababu ya kompyuta. Nilitaka tu kumfundisha kugeuza hizi hati." Akaangalia simu. "Zimebaki sekunde kumi. Baba Brayo, maiki usisumbuke nayo."

Walipiga makofi mpaka madirisha yakatetemeka. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya sufuria ya pilau.

Ukatibu niliachiwa, kwa kura za mkono, na kila mkono ulioinuka nilijua umeinuliwa na yeye. Watu wakila, nikapita meza kwa meza nikikusanya zile programu, nikisema ni za kumbukumbu za ofisi (ofisi ni lile sanduku langu). Nikazihesabu. Hamsini na tisa. Nikahesabu tena. Hamsini na tisa.

Nikamkuta mlangoni akivaa sweta. "Mama Tasha, naomba ile yako."

Akaubana mkoba kwapani. "Hii? Hii ni yangu, mami. Nilipewa kwa mikono miwili."

Zile hamsini na tisa nilizichoma. Siku hizi kila Jumatano naenda Donholm ananifundisha kwenye ile kompyuta ya taa, na kabla ya kugeuza chochote ananifanya nisome kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, yeye akikaanga mandazi, nami nasoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Nimekula kiapo: kitu ambacho siwezi kukisema mwenye jina akiwa ameketi mbele yangu, sikiandiki, hata kwa mabano, hata kama nitakifuta baada ya dakika moja.

Ile nakala hajaitaja hata siku moja. Lakini meza yake ina droo, na kila Jumatano anapoifungua kutafuta chaja, mimi najikuta nahesabu vilivyomo ndani. Mara mbili.