Maneno Ambayo Mke Wangu Hakuyasema

Kuna Alhamisi moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa miaka ya sabini, mimi kijana wa boda-boda hapa Busia, nikivusha watu mpakani kwa baiskeli. Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni, na cheti changu nilikitembeza kwa mfuko wa shati hadi kikachakaa. Nilijiona nimesoma kumshinda DC, mkuu wa wilaya. Maneno nayo nilikuwa nayo. Abiria wangu walicheka mpaka wakaanguka, na mmoja, naapa, alipanda Kenya akaangukia Uganda.

Lakini mwaka huo nilikuwa nimemzika mke wangu, Nabwire. Kansa ya titi.

Siku hizo kansa ilikuwa aibu. Wengine walisema inaambukiza, wengine walisema ni uchawi. Ukienda kwa mtu unapewa kikombe chako peke yako, na ukiondoka kinatupwa. Ndiyo maana Mama Consolata, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, wa Burumba aliyefiwa na mume kwa kansa ya koo, alitukusanya sisi tulioachwa na ugonjwa huo. Tulikuwa sita. Kila Alhamisi baada ya soko tuliketi nyuma ya nyumba yake, tukanywa chai kwa kikombe kimoja kikubwa cha bati, kikizunguka mdomo kwa mdomo, makusudi.

Alhamisi hiyo Nafula alizungumza kwa mara ya kwanza. Alikuwa mama kijana wa Busibwabo, mume wake alikufa kwa kansa ya ini. Alishika kile kikombe akasahau kunywa.

"Mwisho alinifukuza," akasema. "Alinimwagia uji, akasema nitoke, hataki kuniona. Nikatoka. Kurudi, amekufa. Wenu pia walikuwa hivyo?"

Hakuna aliyejibu. Mimi kimya kilinishinda tangu utotoni. Nikarukia: "Wangu alinishika mkono. Akasema, 'Asante baba, umenitunza. Nikifika huko nitakuombea.' Akatabasamu, akalala." Nikaongeza na wimbo alioimba. Mama Consolata alilia, nami nikajiona nimefariji watu. Nafula alimpa jirani kikombe, akaangalia chini.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Siku hiyo ya pili Mzee Ekisa wa Malaba, mjane mwenzangu ambaye kuzungumza kwake kulikuwa kama mara moja kwa mwaka, alinifuata nikitoa baiskeli.

"Kijana, mkeo alikufa saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, mzee."

"Siku hiyo nilikuwa natoka Tororo kununua saruji ya kaburi la mama watoto. Saa nne nilikuwa nimekaa kwa keria ya baiskeli yako pale Malaba, ukinichekesha. Sasa ule mkono ulioshikwa ulikuwa wa nani?"

Mwanangu, niliegemeza baiskeli ukutani, nikamwambia mzee ukweli. Asubuhi ile Nabwire aliniambia maneno mawili tu: "Leo usiende." Kidonda chake kilikuwa kinanuka, na mimi nilikuwa nimechoka kubana pumzi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nikamwambia nitarudi uji ukiwa bado wa moto. Nikaiacha steji ya Busia, kituo changu, ambapo wangeweza kuniita, nikapiga pedali hadi Malaba, ambapo hakuna ambaye angenipata. Jioni nikakuta watu wamejaa uani.

"Hiyo ndiyo ulipaswa kumwambia yule msichana," Mzee Ekisa akasema. "Na mimi nilipaswa kufungua mdomo siku ile ile."

Nilifika Busibwabo kesho yake. Nikamkuta mama mkwe wa Nafula anapukuchua mahindi.

"Ameenda," akasema. "Tangu mazishi watu wanasema alimroga mume wake, na yeye anakataa. Alhamisi moja akarudi kutoka kwenu, akakubali. Ati wengine wenye ugonjwa huo huo waliwashukuru waliowatunza; kama mume wake alimfukuza, basi labda aliona kitu. Ukoo ukamwambia atoke. Watoto wako hapa."

Nilimwambia ukweli wote, hata harufu. Hakuacha kupukuchua.

"Wewe ulidanganya siku ile ama unadanganya leo? Nafula alikiri kwa mdomo wake."

Kwa kawaida yangu ningekwambia nilimtafuta Uganda nzima. Sikumtafuta Uganda nzima. Nilienda Tororo, kwa watu wa mama yake, mara mbili; hawakunifungulia. Mara ya tatu niliogopa askari wa Uganda wa siku zile, nikageuka njiani. Sikumwona tena Nafula, na sijui kama yuko hai.

Kwa Mama Consolata niliwaambia wote. Mzee Ekisa akasema mkewe alipokata roho yeye alikuwa nje akivuta sigara. Mama Consolata akasema usiku wa mwisho alimwomba Mungu amchukue mume wake haraka, ili apate kulala. Wakaendelea hivyo, mmoja mmoja. Yote yalikuwa pale siku ile Nafula aliuliza, mwanangu. Moja tu lingemtosha.

Basi siku ukiketi na waliofiwa, mtu akikuuliza kama wako pia alikuwa hivyo, mjibu kwa kilichotokea, hata kama kinanuka. Ukishindwa, nyamaza. Hadithi nzuri usimpe, maana atajipima nayo akiwa peke yake, na wewe hutakuwepo kumwambia kwamba uliitunga. Na mgonjwa wako akikwambia leo usiende, usiende.

Mungu akupe miguu ya kubaki, mwanangu. Na ikikataa kubaki, akupe watu ambao unaweza kuwaambia kwamba uliondoka, na akupe kuwaambia mapema.