Dawa ya Gari la Mkate

Mama mkubwa wangu anapeleka mkate madukani kwa gari aliloachiwa na marehemu mume wake. Akikasirika barabarani hagombani na watu, analisemesha gari. "Twende baba, usiniaibishe." Mimi nakaa kando yake, nashusha kreti. Siongei sana, kwa hiyo nasikia mengi.

Gari lilianza kunywa maji. Asubuhi tunajaza rejeta, mchana yameshuka, na chini hakuna hata tone. Likiwashwa linatoa moshi mweupe. Mara mbili lilichemsha njiani, na mwenye tanuri tunakochukua mkate akasema wazi: ukichelewa tena, njia yako nampa mwingine. Njia ile ndiyo inatulisha nyumba nzima.

Fundi wa mtaani kwetu, kijana wa mizaha, alituonyesha mapovu ndani ya rejeta.

"Gasketi ya silinda hedi imekwenda, mama. Ndiyo inayozuia moto na maji visikutane. Niachie gari, tufungue."

"Tufungue nini?"

"Injini. Usiogope, hili halina figo, halitafia mezani."

Alicheka peke yake. Hakujua. Baba mkubwa aliingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe. Daktari akasema watamfungua waone, mama mkubwa akaambiwa asubiri nje. Tangu hapo neno lile halina nafasi nyumbani. Hata soda kwetu haifunguliwi, inatolewa kizibo.

"Hapa hakuna kufungua," alisema. "Nitalitia dawa."

Dawa yenyewe inauzwa kwenye chupa duka la vipuri, majimaji ya kijivu yenye chengachenga zinazong'aa. Unaimwaga kwenye rejeta, inazunguka na maji, inaganda penye ufa.

"Hiyo inaziba, mama, lakini haichagui pa kuziba," fundi alisema.

"Na wewe huchagui pa kuongea."

Mama mkubwa akaimwaga. Injini ikanguruma, moshi ukapungua, ukaisha. Tulifikisha mkate mapema siku hiyo na zilizofuata. Kila tukipita gereji alipiga honi na kumpungia fundi. "Mgonjwa kapona bila kisu!"

Mimi niligusa mipira ya rejeta. Wa juu ulitaka kuniunguza. Wa chini ulikuwa baridi kama wa gari lililolala.

"Mama mkubwa, mpira wa chini ni baridi. Maji hayapiti."

"Baridi ndiyo afya, mwanangu. Homa ndiyo joto."

Maji yalipoanza kushuka tena, alinunua chupa ya pili akaimimina yote.

Siku ya mwisho tulikuwa tunapanda mlima, kreti zimejaa, mkate bado wa moto. Mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu. Mama mkubwa akashika usukani kwa mikono miwili, midomo inacheza bila sauti. Ghafla mshale ukaanguka mpaka chini kabisa.

"Umeona? Homa imeshuka!"

Kilichoshuka ni maji. Yalikuwa yamekwisha, mshale haukuwa na kitu cha kupima. Harufu ya chuma kilichoungua ikaingia ndani, injini ikagonga kama mtu anayeomba kutolewa, kisha ikanyamaza. Hata ufunguo haukuiamsha.

Fundi alituvuta kwa kamba hadi gereji. Safari hii hakutania. Alisimama na spana mkononi, analikwepa lile neno.

"Mama, niruhusu…"

"Fungua."

Mama mkubwa akavuta kigoda, akakaa karibu kabisa. Hakuna aliyemwambia asubiri nje. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilipoinuliwa, mifereji ya maji ilikuwa imejaa tope la kijivu, gumu kama saruji. Fundi akafuta kwa kitambaa, akafuta tena palepale. Ufa ulikuwa umeshuka kutoka silinda moja, umeingia kwenye bloku, mwili wenyewe wa injini.

"Gasketi ilikuwa kazi ndogo," alisema.

"Na sasa?"

Akatikisa kichwa.

Simu ilikuwa inaita ndani ya mkoba wa mama mkubwa. Mwenye tanuri. Mama mkubwa alinipa bila kuitazama.

"Pokea. Mwambie njia ampe mwingine."

Nikapokea, nikamwambia.